Machozi ya Mtu Mzima Mbele ya Filamu ya Mtoto: Suala la Hadhira Mbili

Utangulizi

Usiku wa tarehe 21 Desemba 1937, katika jumba la sinema la Carthay Circle mjini Los Angeles, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Snow White and the Seven Dwarfs, filamu ndefu ya kwanza ya katuni kutolewa na kampuni ya Walt Disney. Kabla ya usiku huo wapo wenye biashara ya sinema huko Hollywood waliouita mradi huo upuuzi wa Disney, kwani hawakuamini kwamba mtu mzima angeweza kuketi zaidi ya saa nzima akitazama michoro. Nao waliojaa jumbani usiku ule hawakuwa watoto, bali waigizaji, waongozaji na wakubwa wa sinema, watu wanaojua vema jinsi machozi ya kwenye pazia yanavyotengenezwa. Hata hivyo, ilipofika sehemu ambapo wale mbilikimo wanamwombolezea binti wanayemdhania kuwa amekufa, wengi wa watazamaji hao walilia.

Tangu siku hiyo imepita karibu miaka 90, na bado mshangao ni ule ule. Mzazi humpeleka mtoto kutazama katuni, akidhani kwamba amekwenda kumsindikiza tu. Taa zinapowashwa, mtoto anacheka na mzazi anapangusa macho. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya jambo hilo. Hoja yetu ni kwamba kina hicho cha hisia si ajali, wala si kitu kilichopachikwa ili kumpoza mzazi aliyelipa kiingilio. Kinatokana na kisa kimoja kusimuliwa kwa hadhira mbili zilizoketi pamoja, kila moja ikichukua fungu lake. Tutaonyesha pia kwamba utaratibu huu si mgeni kwa Kiswahili: ngano zetu zimekuwa nao tangu zamani, na iwapo unafifia, basi unafifia mikononi mwetu sisi tunaozikusanya, kuzihariri na kuzifundisha.

Kwa filamu za katuni tuna maana ya zile ambazo watu, wanyama na vitu vyake vyote huchorwa kwa mkono au huundwa kwa kompyuta, picha baada ya picha. Msomaji hana haja ya kuwa mpenzi wa filamu hizo ili aifuate hoja yetu. Inatosha awe amewahi kukaa katika baraza la ngano.

Mtoto Alivyorithishwa Ngano

Yafaa kwanza tuulize ni nani aliyesema kwamba kisa chenye wanyama wasemao na vitu vya ajabu ni mali ya watoto. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, J. R. R. Tolkien alidai kwamba uhusiano huo ni ajali tu ya historia ya Ulaya. Visa hivyo, alisema, vilipelekwa katika chumba cha watoto jinsi samani kuukuu zinavyopelekwa huko: si kwa sababu watoto wameziomba, bali kwa sababu wakubwa wamezichoka na hawajali zikiharibiwa.

Mfano huo una faida kwetu. Ikiwa kiti kuukuu kimepelekwa kwa watoto, hakikupunguzwa kimo kwa kupelekwa huko. Mtu mzima akiingia na kukikalia, ataona kwamba kinamtosha. Filamu ya katuni ilirithi samani hizo: binti aliyelaaniwa, mnyama msaidizi, safari, kifo na kufufuka. Kwa hiyo, mtu mzima aguswapo na filamu ya aina hii hapaswi kudhani kwamba amerudi utotoni. Amekikalia kiti kilichotengenezwa kwa kimo cha watu wote.

Fungu la Mtoto na Fungu la Mtu Mzima

Tuchukue mfano wa Kijapani. Tonari no Totoro, yaani Jirani Yangu Totoro, ni filamu ya Miyazaki Hayao iliyotoka mwezi wa Aprili 1988. Dada wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia shamba pamoja na baba yao, mhadhiri wa chuo kikuu, ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama yao. Huko wanakutana na Totoro, dubwana mpole la msituni, na paka mkubwa ambaye pia ni basi. Mtoto atazamaye humngojea Totoro, asipoonekana, huchoka.

Mtu mzima humtazama Satsuki. Humwona msichana huyu mdogo akiamka mapema kuwafungia wenziwe chakula, akimsuka mdogo wake, akiwaambia watu kwamba mambo ni mema. Kisha inafika simu ya maandishi kutoka hospitali: mama hataweza kuja nyumbani kama alivyoahidi. Satsuki anasimama mbele ya bibi wa jirani, anasema kwamba hata mara ya kwanza waliambiwa ni siku chache tu, na anaangua kilio. Mei, aliyezoea kumwona dada yake ni ngao, anamtazama kwa mastaajabu. Baadaye anaondoka peke yake na hindi moja mkononi, ampelekee mama apone. Mtoto huona hapo mwanzo wa kisa cha kusisimua: Mei amepotea, nani atamtafuta? Mtu mzima amekwisha kuelewa jambo jingine, kwamba Satsuki amekuwa mama kabla ya wakati wake na kwamba hakuna mtu aliyemwomba ruhusa. Miyazaki mwenyewe alikulia katika nyumba ambamo mama aliugua kwa miaka mingi.

Ni vema ikumbukwe kwamba filamu hii ilitolewa siku moja na kuonyeshwa pamoja na Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, ya Takahata Isao, ambamo kaka na dada yake mdogo wanakufa kwa njaa katika Japani ya mwaka 1945. Familia iliyoingia jumbani siku ile iliweza kutoka na vyote viwili. Michoro, basi, haina umri. Wenye umri ni watazamaji.

Mfano wa pili ni wa Kimarekani. Filamu ya Up, iliyoongozwa na Pete Docter, ilifungua tamasha la Cannes mwaka 2009, na ilikuwa filamu ya kwanza ya katuni kupewa heshima hiyo. Karibu na mwanzo wake ipo sehemu ya dakika nne hivi isiyo na mazungumzo. Carl na Ellie wanaoana. Wanatayarisha chumba cha mtoto. Kisha tunawaona hospitalini, Ellie ameinamisha uso. Wanaanza kuweka akiba ya sarafu katika chupa kwa ajili ya safari ya Amerika ya Kusini waliyoiota tangu utotoni, na kila mara chupa inavunjwa: gurudumu limepasuka, mguu umevunjika, mti umeangukia paa. Nywele zinakuwa nyeupe. Carl ananunua tikiti hatimaye, lakini Ellie hawezi tena kupanda kile kilima walichozoea kukipanda. Baadaye tunamwona mgane aliyeketi kanisani na puto mkononi.

Mtoto huzipita dakika hizo kama utangulizi, akingojea nyumba inyanyuliwe na maputo. Lakini tazama jinsi fungu la mtu mzima linavyoendelea kukua ndani ya fungu la mtoto. Karibu na mwisho, Carl anakifungua kitabu cha Ellie ambacho siku zote alidhani kwamba kurasa zake za mwisho zilibaki tupu, zikiisubiri ile safari. Anazikuta zimejaa picha za ndoa yao, na neno la shukrani. Hapo ndipo anapoanza kutupa nje samani zote ili nyumba iwe nyepesi na iruke tena kumwokoa mtoto aliye hatarini. Katika picha hiyo moja mtoto anaona nyumba ikipaa, na moyo wake unafurahi. Mtu mzima anaona mtu akikubali, kiti baada ya kiti, kwamba mkewe amekufa. Picha ni moja, sauti ni moja, na hakuna aliyedanganywa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kinachozitenganisha hadhira hizi mbili si akili, kwa kuwa mtoto anafahamu kwamba Ellie amekufa. Kinachozitenganisha ni wakati. Mtoto anajua kwamba chupa imevunjwa. Mtu mzima anajua maana ya kuivunja mara ya tatu. Msanii hamfafanulii mmoja wala hamfichi mwingine. Anaacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na miaka ya mtazamaji. Tena, mtu mzima hatazami peke yake. Anamtazama pia mtoto aliye ubavuni pake, akijua kwamba siku moja naye ataielewa picha ile. Sehemu kubwa ya machozi yake hutoka hapo.

Kinyago na Pole

Swali laweza kuulizwa: kwa nini isiwe filamu ya watu halisi? Sababu tunaziona mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu mzima huja mbele ya tamthilia ya wakubwa akiwa amejikinga. Anamjua mwigizaji kwa jina, anapima uigizaji wake, analinganisha. Mbele ya uso uliochorwa kwa mistari michache, au wa mnyama, hana wa kumpima. Ndiyo kazi ya fumbo: neno ambalo mtu angelikataa lingesemwa waziwazi, hulipokea likivaa ngozi ya sungura. Sababu ya pili ni kwamba katika mchoro hakuna kitu kilichoingia kwa bahati. Hata vumbi lililo juu ya kiti liliwekwa na mtu kwa makusudi. Kwa hiyo, picha ya katuni hukaribia shairi, ambapo kila mizani imehesabiwa.

Filamu ya Inside Out, ya huyo huyo Docter (2015), inatupa mfano utakaompendeza mwanaisimu. Hapa hisia zenyewe zimefanywa wahusika katika akili ya Riley, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyehamishwa kutoka Minnesota hadi San Francisco. Furaha ndiye anayetawala, na Huzuni huonekana kuwa mzigo. Wakiwa safarini wanakutana na Bing Bong, rafiki wa kuwaziwa ambaye Riley amemsahau, aliyeketi akisononeka kwa sababu gari lake la kuchezea limetupwa. Furaha anamchekesha, anamtekenya, anamhimiza waendelee, yote yanashindikana. Huzuni anaketi kando yake, anakiri kwamba amepotewa na kitu alichokipenda, na anamsikiliza. Bing Bong analia, kisha anasimama na safari inaendelea.

Watazamaji wazima katika nchi zisemazo Kiingereza walipokea tukio hili kama ugunduzi. Kwetu lina jina la siku nyingi. Afanyalo Huzuni ni lile tulifanyalo kwa neno pole: neno lisiloahidi dawa, lisilomtaka mfiwa aache kulia, lisilokiri kosa lolote, bali lenye kusema tu kwamba nimeyaona yaliyokupata na nipo. Mfasiri atakayeifasiri filamu hii kwa Kiswahili atakuta kwamba katika tukio hili lugha yake ina neno moja mahali ambapo Kiingereza kililazimika kutumia onyesho zima. Ni jambo la kujivunia, lakini pia lina onyo: neno lililozoeleka huacha kusikika. Pengine yahitajika filamu ya mtoto ili mtu mzima alisikie tena.

Lugha Anayokuja Nayo Mtazamaji

Tumesema kwamba nafasi iliyoachwa na msanii hujazwa na miaka ya mtazamaji. Hujazwa na lugha yake pia. The Lion King, iliyotoka mwaka 1994 chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff, imewapa wahusika wake kadhaa majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, Shenzi. Kwa mtoto wa Chicago majina haya ni sauti tamu za mbali. Kwa mtu mzima wa Mombasa au Nairobi ni maneno yenye historia.

Sarabi, mama yake Simba, ana jina la mazigazi, yale maji yaonekanayo jangwani ambayo msafiri hayafikii. Mwana aliyekimbia nyumbani na kuishi miaka mingi akiamini kwamba hawezi kurudi, ana mama ambaye jina lake ni kitu kionekanacho bila kufikiwa. Na Shenzi ni fisi, mkazi wa nje ya mpaka wa ufalme, mwenye njaa. Neno hilo lilitumiwa zamani na watu wa pwani kumdharau mtu wa bara, na wakati wa ukoloni walowezi wa Kenya walilitumia kumtukana Mwafrika yeyote. Hatudai kwamba watungaji wa filamu walikusudia yote haya. Twasema tu kwamba msemaji wa Kiswahili mwenye umri wa kutosha humtazama fisi huyo na kujiuliza swali ambalo mtoto wake halioni: ni nani aliyemwita hivyo, na kwa nini hakuruhusiwa kula pamoja na wengine?

Paa na Sultani Darai

Sasa na tugeukie nyumbani. Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizozipata Unguja. Mojawapo ni hadithi ya Sultani Darai, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa namna moja au nyingine. Maskini Hamdani, mchakura jaani, anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa huyo anasema kama mtu. Kwa hila yake anamwoza Hamdani binti wa sultani, na kwa ushujaa wake anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo pamoja na mali yake yote.

Mtoto asikilizapo hungojea vichwa saba vikatwe. Lakini kisa hakiishii hapo. Paa anaugua. Anamtuma kizee wa jumba lile akamwambie bwana. Bwana, ambaye sasa ni mtu mkubwa, anajibu kwa ukali na kuamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama, chakula cha dharau. Kizee anarudi na jibu hilo, kisha anapanda tena kwenda kuomba, na anafukuzwa tena. Mke anamsihi mumewe, hasikii. Paa anakufa kwa uchungu kuliko kwa maradhi, na bwana anaamuru mzoga utupwe kisimani. Usiku Hamdani anaota kwamba yuko jaani akichakura. Anazinduka, na kweli yuko jaani.

Yule kizee apandaye na kushuka ngazi, akibeba maneno ambayo hataki kuyafikisha, ni fungu la mtu mzima. Mtoto hamjali, mtu mzima aliyewahi kutumwa kwa tajiri kumwombea mgonjwa anamjua vizuri. Nasi tukitazama kwa makini tutaona kwamba mbinu ni ile ile ya Up: tukio la ajabu limepewa mtoto, na mahali pale pale, bila kubadili lugha wala kuwatoa watoto barazani, wakubwa wamepewa habari ya deni lisilolipika. Zaidi ya miaka 60 kabla ya usiku ule wa Los Angeles, msimulizi wa Unguja alikuwa akizishika hadhira mbili kwa kamba moja.

Pingamizi Mbili

Yupo atakayesema kwamba machozi haya ni ya biashara: kampuni zinajua kwamba anayelipa ni mzazi, kwa hiyo humtafutia la kumliza, na muziki hufanya kazi iliyobaki. Hatukatai kwamba kampuni hutafuta fedha. Lakini nia ya muuzaji haitoshi kuihukumu bidhaa, la sivyo tungeitupa nusu ya fasihi ya dunia. Kipimo kiwe hiki: je, huzuni hiyo inaibadili maana ya kisa, au imebandikwa tu? Katika Up, ukiziondoa zile dakika nne, kutupwa kwa samani kunakuwa kazi ya kupunguza uzito, basi. Katika hadithi ya Sultani Darai, ukimwondoa kizee, kurudi jaani kunakuwa adhabu ya ghafla isiyo na mizizi. Huzuni ikishika nguzo ya kisa, si hila. Ikiondolewa na kisa kisitikisike, hapo mpinzani wetu ana haki.

Mwingine atasema kwamba mtu mzima halilii kisa bali utoto wake uliopita. Huenda ni kweli kwa baadhi ya watu. Lakini waliolia mwaka 1937 hawakuwa wamekua na filamu hiyo. Walikuwa wakiiona kwa mara ya kwanza.

Hitimisho

Suala hili si la burudani tu. Katika idara zetu fasihi ya watoto mara nyingi huhesabiwa kuwa kazi nyepesi, ya kumpa mwanafunzi asiyeweza nyingine. Kwa dhana hiyo, tunapozitayarisha ngano kwa ajili ya shule huwa tunashawishika kuondoa kinachohuzunisha, kuweka funzo moja mwishoni, na kuyaita matokeo yake hadithi ya watoto. Hadithi ya paa ikifupishwa kuwa onyo la kutokuwa na shukrani, mtoto hupata sentensi moja, na mzazi anayemsomea hapati kitu. Naye mzazi asiyepata kitu hasomi mara ya pili.

Wakati huo huo kazi inasonga mbele nje ya madarasa yetu. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi, ulianza kuonyeshwa mwaka 2010 kwa visa vya wanyama vya Kiafrika na michoro ya mtindo wa Tanzania. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa filamu fupi za Kiafrika wenye jina la Kiswahili, Kizazi Moto, ambamo Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza Enkai, kisa cha binti na mama yake muumba. Wachoraji, basi, tunao. Watakapohitaji maneno ya Kiswahili, watayatafuta kwa watu waliopita mikononi mwetu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila ngano inapofundishwa, iulizwe waziwazi: mtoto anangojea nini hapa, na mtu mzima anasikia nini? Pili, mkusanyaji aendapo nyanjani asiandike maneno ya msimulizi peke yake. Aandike pia ni nani walioketi, walikuwa wa umri gani, watoto walicheka wapi, na ni mahali gani wakubwa walinyamaza. Steere alituhifadhia maneno ya kizee yule. Hakutuandikia ni nani barazani aliyeinamisha kichwa kizee alipopanda ngazi mara ya pili, na hiyo ni sehemu ya hadithi ambayo hatutaipata tena.